KUUNGA VIPANDE KWA MKONO NA KWA MASHINI

(Maongezi ya katekista mbele ya mama na vijana walioandaa pazia la Yubile)





Tumeombwa kusema juu ya kazi ya kuunga vipande vya nguo, kwa sababu katika parokia hii tunajulikana kwa mambo mawili: asubuhi tunafundisha katekismu, na mchana tunakaa kwenye mashini ya kushona. Leo katekismu itangoja kidogo. Mpango mnaujua. Mashirika yetu ni 30, na kila shirika litaleta mraba mmoja wa sentimetri 36 kila upande, ulioungwa kwa vipande vya vikwembe vya marehemu wake, wale waliobeba mawe na mchanga vichwani ili kanisa hili lisimame. Miraba hiyo itaunganishwa, mitano kwa upana na sita kwa urefu, nayo itakuwa pazia la kutundikwa nyuma ya altare siku ya Yubile: mita 1 na sentimetri 80 kwa upana, mita 2 na sentimetri 16 kwa urefu.

Lakini kabla hata ya kukata kipande cha kwanza tumekwisha kugawanyika. Wengine wanasema: siku ni chache, tupeleke vyote mjini kwa mafundi wenye mashini za umeme, na baada ya siku tatu kazi imekwisha. Wengine, hasa mama wazee, wanasema: nguo za watu wetu haziwezi kupelekwa kupigwa na chuma kwa mtu asiyewajua, zishonwe kwa mkono, au ziachwe katika masanduku. Maneno yamekuwa makali. Tunajua mama wawili ambao kwa miaka mingi walikaa benchi moja katika Misa, na tangu majuma mawili sasa kila mmoja anatafuta benchi yake.

Hukumu yetu tunaitoa tangu mwanzo, ili asiwepo wa kungoja hadi mwisho. Mraba tulioupanga hauwezi kushonwa vizuri kwa mashini peke yake, wala si busara kuushona wote kwa mkono. Kuna mishono ambayo ni ya mashini, na kuna mishono ambayo ni ya mkono, na mwenye kuifahamu kazi anaona wazi mpaka uko wapi. Huo mpaka ndio tunaotaka kuwaonyesha.

Kwanza tuondoe haya. Katika lugha yetu neno kiraka lina aibu ndani yake. Kiraka ni cha goti la mtoto, ni cha shati la mtu aliyekosa jingine la kubadili. Mama mmoja alituuliza mlangoni pa kanisa: « Mwalimu, siku ya Yubile, mbele ya Askofu, tutundike viraka? » Swali lake ni la haki, na halikustahili kuchekwa kama wengine walivyolicheka. Kiraka cha aibu hufunika tundu. Kazi tunayoisema sisi haifunikii tundu; inachagua vipande, inavipima, na inafanya kwavyo nguo ambayo haikuwako.

Wala hatuhitaji kwenda mbali ili kuiona. Katika nchi yetu wenyewe, huko Kasai, Wakuba wameifanya tangu zamani. Wanaume hufuma nguo kwa nyuzi za majani ya rafia, na kwa kuwa uzi hauwezi kuwa mrefu kuliko jani lililouzaa, kila kipande kinachotoka mikononi mwa mfumaji ni kifupi. Mwenye kutaka nguo ndefu hana budi kuunga. Sketi za wanawake zinazovaliwa katika ngoma na maziko hupita mita 5 kwa urefu, nazo ni vipande juu ya vipande. Tena rafia mpya ni ngumu. Hupondwa katika kinu ili ilainike, na kule kuponda hutoboa matundu hapa na pale. Juu ya tundu hushonwa kiraka. Basi wanawake walivipa viraka hivyo sura nzuri, kisha wakaongeza vingine mahali pasipo na tundu lolote, hata viraka vyenyewe vikawa ndiyo mapambo. Nguo kama hizo ni mali ya ukoo, na marehemu huvikwa siku ya kuzikwa. Aliyetuuliza mlangoni ajue kwamba wakubwa wa Wakuba hawakuona haya.

Nchi ambayo imeipanua sana kazi ya miraba ya vipande ni Marekani. Huko hushona blanketi ya tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha tabaka zote hushikwa pamoja kwa sindano. Mwaka 1863, katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwanamke aitwaye Jane Stickle wa jimbo la Vermont alimaliza blanketi yenye miraba 169, kila mraba na sura yake, na pembeni akashona kwa uzi kwamba vipande ni 5,602 na kwamba ulikuwa wakati wa vita. Sisi tulioishi miaka ya vita hapa Kivu tunafahamu kwa nini mtu angehesabu vipande. Vyetu vitakuwa 1,680.

Lakini ambaye tunataka mumjue zaidi ni mwingine. Harriet Powers alizaliwa mwaka 1837 karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia, mtumwa, wa uzao wa Waafrika waliopelekwa kule kwa nguvu. Utumwa ulipofutwa, yeye na mume wake walipata shamba dogo. Hakuwa Mkatolika, tunasema hivyo kwa ajili ya ukweli tu, kwa maana Biblia aliyoishona ni ileile. Katika nguo moja alifanya miraba 11: Adamu na Eva katika paradizo, Kaini akimuua Abeli, ndoto ya Yakobo, batizo la Kristu, Yuda na vipande 30 vya feza, Karamu ya mwisho, Msalaba, hata Jamaa Takatifu. Watu na wanyama aliwakata katika kitambaa, akawashona juu ya kitambaa kingine. Wataalamu wengi wamelinganisha kazi yake na nguo za Abomey, katika nchi inayoitwa leo Benin, ambako picha za kitambaa hushonwa juu ya kitambaa vivyo hivyo.

Mwaka 1886 aliionyesha nguo hiyo katika maonyesho ya pamba huko Athens. Mwalimu mmoja wa kuchora, Jennie Smith, aliipenda akataka kuinunua. Harriet Powers alikataa. Miaka michache baadaye shida iliwabana nyumbani, akampelekea mwenyewe. Aliomba dola 10, akapata 5. Na baada ya kuiuza alikuwa akirudi mara kwa mara nyumbani kwa yule mwalimu, si kwa kudai kitu, ila kuitazama. Leo nguo hiyo inatunzwa Washington, katika makumbusho ya taifa, na nyingine yake yenye miraba 15 iko katika makumbusho ya Boston. Katika hii ya pili ameonyesha hata usiku wa Novemba 1833, nyota zilipoanguka kama mvua na watu wakadhani dunia imekwisha. Yeye alikuwa hajazaliwa usiku ule, alisimuliwa, akashona.

Tumemleta mwanamke huyu mbele yenu kwa sababu mbili. Ya kwanza: waliozichunguza nguo zake wameona ndani yake mishono ya mkono na mishono ya mashini, pamoja. Hakuona kwamba chuma kinaiharibu Biblia yake, wala hakuona kwamba sindano ya mkono ni ya watu wa zamani. Ya pili tutaisema mwishoni, nayo ni ya daftari.

Sasa tuingie kazini.

Mraba wetu una nyota katikati, na uzio kuzunguka nyota. Nyota ina ncha nane. Ni almasi nane zinazokutana katikati, pamoja na miraba minne midogo ya pembeni na pembetatu nne za kujaza nafasi. Yote pamoja ni sentimetri 24 kila upande. Uzio ni miraba midogo 20, kila mmoja wa sentimetri 6, na kila mmoja umeungwa kwa pembetatu mbili, moja ya kikwembe na moja ya merikani nyeupe. Hesabuni: vipande 28 vya vikwembe na 28 vyeupe, 56 kwa kila mraba mkubwa.

Merikani ni mpya, na vikwembe ni vya zamani. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya kitambaa kipya kilichotiwa juu ya vazi kuukuu, na kila mama anayefua anajua kwamba alisema jambo la kweli hata kwa sabuni na maji. Pamba mpya hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Ya zamani imekwisha kunywea. Mkiziunga kabla ya kufua, siku ya kufua pazia nyeupe itavuta na kikwembe kitapasuka. Kwa hiyo merikani yote ifuliwe kwa maji ya moto, ianikwe, ipigwe pasi, ndipo iguswe na makasi.

Vikwembe navyo viangaliwe. Inua nguo mbele ya dirisha: ukiona vidole vyako kupitia humo, nguo imechoka. Usiitupe, ni ya mama yako; ishonee kwa ndani kitambaa chembamba cha kuisaidia, kisha kata vyote viwili pamoja. Tena tofautisheni waksi na fansi. Waksi ya kweli ina rangi pande zote mbili, hivi kwamba ukikosea upande hakuna hasara. Fansi imechapwa upande mmoja tu, na ukiigeuza utaona uso uliopauka kama mgonjwa. Tieni alama ya kalamu upande wa ndani tangu mwanzo.

Tunakuja kwenye kukata, na hapa tunaomba masikio yenu yote. Nguo ya dukani ikikatwa vibaya, unanunua nyingine. Kikwembe cha marehemu hakina kingine. Kwa hiyo asikate mtu yeyote kwa macho. Tumieni patroni ya karatasi ngumu. Kwa nyota, kunja pembe ya mraba wa karatasi katikati, nayo itakupa ncha sahihi ya almasi, bila chombo chochote cha shule: pembe ya mraba ni digrii 90, nusu yake ni 45, na nane za namna hiyo hujaza duara lote la digrii 360. Patroni ikizidi digrii moja tu, nane zitazidi 8, na katikati ya nyota patainuka kama kichuguu ambacho hakuna pasi itakayokilaza. Upande wa almasi ni sentimetri 7. Upande wa miraba minne ya pembeni vilevile. Na pembetatu za kujaza zina pande mbili za sentimetri 7 zinazokutana kwa pembe ya mraba. Hicho ndicho kipimo cha mstari wa kushona. Mstari wa kukata uwe nje yake kwa milimita 6. Chora mistari yote miwili upande wa ndani.

Na kwa vile kila kikwembe kina picha yake, taa, samaki, jicho, herufi za alfabeti, tunashauri patroni ya almasi itobolewe katikati kama dirisha. Itelezeshe juu ya nguo mpaka uone ndani ya dirisha kile ambacho watu walikuwa wakimtambulia mwenye nguo. Mmoja wetu alikuwa na nyanya aliyevaa kuku na mayai sikukuu zote za Pasaka. Ukikata pasipo dirisha utapata mguu wa kuku, na nani atamkumbuka kwa mguu?

Mishono ya mashini ni ipi? Ni ile mirefu, iliyonyooka, inayorudiwa mara nyingi. Pembetatu za uzio ni mfano mzuri. Ukikata pembetatu moja moja, upande ule mrefu unakuwa wa mshazari, nao hunyooka na kupinda mkononi kama mpira. Basi usikate kwanza. Chukua mraba wa kikwembe na mraba wa merikani, kila mmoja sentimetri 8 na nusu, vitazamane uso kwa uso. Chora mstari kutoka pembe hata pembe. Shona kwa mashini milimita 6 upande huu wa mstari, kisha milimita 6 upande ule. Ndipo ukate juu ya mstari wenyewe. Ukifungua, una miraba miwili ambayo kila mmoja ni pembetatu mbili, na mshazari umekwisha kushikwa na uzi kabla ya kuweza kucheza. Ipigie pasi, kisha ipunguze hadi sentimetri 7 na milimita 2 kamili. Jozi kumi hutoa miraba yote 20 ya uzio. Vijana wa mashini ya miguu wanaweza kupitisha jozi moja nyuma ya nyingine bila kukata uzi, zikatoka nyuma zimefuatana kama samaki kwenye kamba, na kwa asubuhi moja wakamaliza kazi ambayo kwa mkono ingemaliza juma.

Kisha safu: miraba minne kwa upande wa kushoto wa nyota, minne kwa kulia, sita juu, sita chini. Hapa adui ni milimita moja. Safu ya sita ina mishono mitano, na kila mshono unakula pande mbili za nguo. Yule anayeshona milimita 7 mahali pa 6 anapoteza milimita 2 katika kila mshono, yaani sentimetri 1 nzima katika safu moja. Safu iliyopaswa kuwa 36 imekuwa 35, na mraba wa shirika lake hautakubaliana na wa jirani. Hasemi uongo; kipimo chake tu ndicho kimesema uongo kidogo mara tano. Dawa yake ni rahisi: bandika kipande cha sparadra juu ya bamba la mashini, milimita 6 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa nguo utembee ukigusa sparadra hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mashini itafanya pia mishono ya mwisho, ile ya kuunga miraba mikubwa 30. Tunajua mama wengine wangependa hata hiyo iwe ya mkono. Lakini fikirini uzito. Pazia litaning'inia. Mshono wa mkono wa kawaida ni uzi mmoja unaopita juu na chini. Ukikatika mahali pamoja, majirani wake huanza kulegea. Mashini hutumia nyuzi mbili, moja kutoka juu na nyingine kutoka bobini, nazo hukamatana ndani ya nguo kwa kila hatua. Kwa mshono wa mita 2 unaobeba uzito, sisi tunaiamini mashini.

Nyota, hata hivyo, ni ya mkono, na tunaisema kwa nguvu mbele ya wale wanaotaka kwenda mjini. Tazameni mahali almasi mbili zinapokutana kwa nje: panabaki nafasi ya pembe ya mraba, na ndani yake inabidi kuingiza mraba mdogo au pembetatu. Mshono hauwezi kupita moja kwa moja. Unatoka ukingo, unafika kwenye nukta moja, unasimama pale pale, nguo inageuzwa, na mshono unaanza tena kwa upande mwingine. Ukipita nukta kwa hatua moja, kuna mkunjo. Ukisimama kabla yake, kuna tundu. Mguu wa mashini unaifunika nukta hiyo usiione. Fundi hodari anaweza kuifanya kwa mashini, hatukatai. Sisi wenyewe tumeifanya kwa kitambaa kipya. Lakini nyota moja ina nafasi nane za namna hiyo, na nguo zetu zimechoka, na jambo linaloamua ni hili: mshono wa mashini ukikosewa, kuufumua ni kuchokoa hatua moja moja kwa ncha, na kikwembe cha miaka 40 kitachanika kabla uzi haujatoka. Mshono wa mkono ukikosewa, unavuta uzi, nao unatoka bila kuijeruhi nguo. Mkono unaruhusu kurudi nyuma. Kwa nguo isiyo na nyingine, hiyo ndiyo sheria.

Uzi uwe wa pamba, usizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, upitishwe katika nta ya nyuki ili usijifunge. Choma pini kwenye nukta, ipite katika nukta ya kipande cha pili, ndipo ushone kutoka nukta hadi nukta, hatua tatu au zaidi kwa kila sentimetri, na mwanzoni na mwishoni rudi nyuma hatua moja ili kufunga. Usishone kamwe juu ya milimita 6 za pembeni, ziache huru. Unga almasi mbili mbili, kisha nne nne, kisha nusu mbili za nyota kwa mshono mmoja unaopita katikati. Pale katikati nguo zinakuwa nyingi na nene. Ukizilaza hovyo utapata kifundo kama punje ya mahindi. Kwa kuwa ulizialika kuwa huru, zitakubali: zilaze zote upande mmoja, zikizunguka kama watu katika ngoma, na kifundo kitasambaa chenyewe. Hapo tena pasi ya makala ishushwe na kuinuliwa, isivutwe, maana kuvuta hunyoosha ncha. Na anayepuliza makala apulize nje. Cheche moja haitauliza kikwembe ni cha nani.

Almasi nane zenye mikono mizuri humaliza jioni tatu au nne. Tumehesabu siku tulizo nazo, na zinatosha, mradi kila shirika liwe na mama wawili au watatu wa nyota.

Na ni akina nani? Hapa tunasema kile kilichotuleta. Mama wazee ambao hawajawahi kukanyaga mashini ndio wenye mkono huu. Walishona mashuka ya harusi na nguo za batizo kwa taa ya mafuta. Kama tungepeleka kila kitu mjini, wao wangekaa siku ya Yubile wakitazama kazi ya watu wengine juu ya nguo za dada zao. Na kama tungefuata neno lao wenyewe, kushona yote kwa mkono, vijana wa fwaye waliojifunza mashini kwa bidii wangekuwa wageni, na pazia lisingekuwa tayari. Kwa hiyo tumepanga hivi: uzio kwa vijana, nyota kwa mama, na hakuna mraba utakaopokelewa ambao umefanywa na upande mmoja tu. Macho yasiyoona tundu la sindano yasilete udhuru. Watoto wa Komunyo ya kwanza watatia uzi katika sindano 20 asubuhi na kuzichomeka katika kitambaa, na kila mama atachukua iliyo tayari.

Juu ya fundi wa mjini tuongeze neno moja tu, bila kumtaja. Tulimwendea, tukamwuliza bei. Alituambia kwamba kipande kikipungua au kikiharibika ataongeza cha kwake kinachofanana, na hakuna atakayejua. Ni kweli, asingejua mtu. Tulimshukuru tukarudi.

Sasa daftari. Tuliahidi sababu ya pili ya kumtaja Harriet Powers. Tunafahamu maana ya kila mraba wa ile nguo yake ya Biblia kwa sababu siku ile ya dola 5 alieleza mraba mmoja mmoja, na yule mwalimu akaandika. Bila maandishi hayo, wangapi leo wangeona kwamba vile viduara ni feza ya Yuda? Basi katika chumba hiki kutakuwa na daftari moja, kama daftari ya mabatizo. Kwa kila mraba mkubwa tunaandika kurasa mbili: almasi nane na jozi kumi za uzio, yaani vikwembe 18 kwa kila shirika. Kwa kila kimoja: jina la mwenye nguo, shirika lake, kazi aliyoifanya katika parokia kama inajulikana, na mahali kipande chake kilipo, kwa namba. Mtoto atakayezaliwa baadaye aweze kusimama mbele ya pazia, kufungua daftari, na kuonyesha kwa kidole.

Kukata kutaanza siku ya posho, baada ya Misa ya asubuhi. Mlete makasi mliyonoa, yasiyokata karatasi, na pini kama mnazo. Kwa almasi, kipande chenye upana wa viganja viwili kinatosha. Kwa uzio, sentimetri 9 kila upande zinatosha, na mnaweza kuzitoa kwenye pindo, ili kikwembe chenyewe kirudi nyumbani kizima au karibu kizima. Aliye na nguo asiyoweza kuvumilia kuiona ikikatwa, airudishe bila haya. Jina la mwenye nguo litaandikwa katika daftari vilevile, na almasi yake itakatwa katika merikani nyeupe.

Wale mama wawili tuliowasema, tumewaandika wote katika nyota ya shirika lao, almasi nne kwa mmoja na nne kwa mwingine. Mshono wa katikati wataushona pamoja, kwa sababu nyota hiyo haina njia nyingine ya kufungwa. Wenye miwani wakae upande wa dirisha.